Gauni la Sidi na Maji ya Kisima Changu

Kuna aibu ya kusimulia watu mkacheka pamoja, na kuna aibu ambayo ukianza tu kuisimulia macho yanatafuta chini. Hii yangu ni ya namna ya pili, na sababu ya kuisema ni kwamba huku Utange imeshasimuliwa na kila mtu isipokuwa mimi, na kila mmoja ameitia chumvi yake (mara nilimvua maiti nguo, mara nilimzika mtu na gauni la damu), basi leo acheni niiseme kwa mdomo wangu mwenyewe, mjue lililokuwa na lisilokuwa, kisha mnihukumu.

Kwanza mkijue kisima. Mimi Mama Kadzo ni mjane, nina nyumba ya vyumba sita vya kupangisha, na katikati ya uwanja kuna kisima alichokichimbisha marehemu mume wangu alipotoka kazini kiwandani kule Changamwe. Alisema miaka yote mkewe amehangaika na mitungi kichwani, sasa basi, atampa maji mlangoni. Mafundi walichimba wakakuta mwamba, wakataka kuacha, naye akashuka mwenyewe shimoni na nyundo na patasi, mzee mzima na kifua chake kile kibovu, na siku maji yalipotoka alikaa juu ya udongo akalia kama mtoto. Mwaka haukuisha akafa. Kwa hiyo mtu akiniambia maji yale ni mabaya, mimi sikuwa nasikia habari za maji, nilikuwa nasikia mume wangu anatukanwa.

Na yalikuwa mabaya, jamani. Sasa naweza kusema. Hayakuwa na chumvi nyingi ulimini kama ya visima vya karibu na ufuo, lakini yalikuwa magumu, sabuni ukiisugua humo haitoi povu, inatoa utando mweupe unaogandia mikononi. Birika langu lilikuwa na magamba ndani mpaka ukilitikisa linalia. Maharagwe yanachemka tangu asubuhi na jioni bado yanagongana kwenye sahani. Chai ukitia maziwa inakatika mbele ya mgeni. Nywele zinakuwa makumbi. Ukiyalaza kwenye ndoo, asubuhi chini kuna wekundu umetuama, na mimi nikiulizwa nasema ni vumbi la tangi. Wapangaji wangu walikuwa wakinunua maji matamu ya mkokoteni na kuyaingiza kwa mlango wa nyuma nisiwaone, kama watu wanaoingiza pombe.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kunitania, naye ni Sidi, mama yake Riziki, jirani yangu nyumba ya tatu na shoga yangu wa miaka ishirini. Akija kwangu akiletewa chai iliyokatika anaitazama, anasema, "Shoga, hii ya leo ni ya kunywa au ya kutafuna?" kisha anainywa yote, na kikombe cha pili anaomba.

Sidi na mimi tulikuwa katika umoja wa akina mama wa kanisa letu. Sare yetu ni gauni jeupe, kilemba cheupe na mkanda wa samawati, na tuna desturi yetu moja ambayo hatuivunji: mwenzetu akifariki huzikwa na gauni lake lile lile alilolivaa siku ya kupokewa umojani, si jipya, si la kuazima, na gauni hilo hufuliwa na mwenzake wa umoja aliyekuwa karibu naye zaidi, si ndugu, si dobi. Ndiyo kazi ya mwisho unayomfanyia. Siku ya kwenda kumvisha, wanawake wote huja kwa huyo aliyefua, wakalipokea gauni juu ya sinia lililofunikwa leso, wakaenda nalo mochari wakiimba.

Basi Sidi akaugua presha, akalazwa, nami nikaenda kumwona. Alinishika mkono, vidole vimekuwa vyembamba mpaka pete inazunguka yenyewe, akaniambia, "Gauni langu nifulie wewe."

"Utatoka hapa kwa miguu yako," nikamwambia, "acha maneno hayo."

"Nitoke nisitoke. Nifulie. Nataka niende mweupe, Mama Kadzo."

Nikamwahidi. Jumatano alfajiri akafa.

Alhamisi asubuhi Riziki akaja kwangu. Msichana wa miaka ishirini na mitano, mtoto wa pekee, macho yamevimba, mkono mmoja ameshika mfuko wenye gauni la mamake na mkono wa pili anaburuta mtungi wa lita ishirini uliojaa maji mpaka mdomoni. Akaniamkia, shikamoo mama mdogo, nikaitika marahaba mwanangu, nikamkumbatia, tukalia kidogo pale mlangoni. Halafu akasema, "Nimekuletea na maji ya mfereji, ya kufulia."

Hapo ndipo ulipoanzia mkasa wote. Ningesema ahsante tu, neno moja, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini mimi nikamwuliza, "Kwani kwangu hakuna maji?"

"Yapo, mama mdogo. Lakini mama alisema..."

"Mamako amekunywa maji ya nyumba hii miaka ishirini." (Uongo huo, kisima chenyewe hakina hata miaka minane, lakini mtu akikasirika hesabu hazimo.) "Leo ndiyo yashindwe kumfulia gauni?"

Mtoto wa watu angebishana vipi na mtu mzima, tena yeye mfiwa? Akauacha mtungi pale kizingitini, akaenda zake taratibu. Mimi nikamwita Mama Zuhura, mpangaji wangu wa chumba cha kwanza, nikamwambia chukua hayo maji ukapikie. Akanitazama mara mbili asiamini bahati yake, akayabeba upesi kabla sijabadili nia. Saa nne nikamsikia anawaambia wanawe, leo chai imekubali.

Nikavuta maji ya kisima, beseni kubwa, nikakaa juu ya kibao na mche mzima wa sabuni. Nilisema moyoni, Sidi, leo nitawaonyesha. Nikasugua, povu hakuna. Nikasugua tena, ukatoka ule utando, ukaingia kwenye nyuzi za gauni, ukakaa. Nikaongeza sabuni, utando ukaongezeka. Nikasuuza maji matatu, nikalitandaza juani, na lilipoanza kukauka nikaona limepata rangi ya majivu, na limekakamaa unaweza kulisimamisha ukutani. Na gauni lile, mniamini, lilikuja mikononi mwangu likiwa jeupe pe! Sidi alikuwa akilifua nyumbani kwake kwa maji matamu, kalitarizi mwenyewe msalaba mdogo kifuani na herufi za jina lake kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, mpaka uguse ndipo uone.

Mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikaenda dukani kununua dawa ya kung'arisha, ile ya chupa inayokereketa pua, nikavuta maji mengine ya kisima, nikaimimina nusu chupa nzima, nikalizamisha gauni la Sidi. Nikaingia ndani kuchukua leso ya kufunikia sinia. Nilipotoka, maji ya beseni yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya rangi.

Nikalitoa mbio. Lilikuwa na mabaka. Mengine manjano, mengine mekundu ya kutu, na lililokuwa kubwa kuliko yote, upana wa kiganja, limekaa kifuani upande wa kushoto, juu ya msalaba. Nikafanya nini? Nikaongeza dawa. (Ndiyo, mnaweza kucheka hapo.) Baka likakolea.

Mama Zuhura alikuwa amesimama mlangoni kwake na kikombe chake cha chai. Akasema kwa upole, "Mama Kadzo, wallahi usitie tena hiyo dawa, kila ukitia ndivyo kutu inavyoshika. Kamua ndimu, utie na chumvi, upake hapo kwenye doa, ulianike juani hivi sasa jua lingali kali. Nyanya yangu alikuwa akitolea madoa ya misumari kwa ndimu."

"Kutu gani?" nikamjibu. "Kisima cha mume wangu hakina kutu."

Akainama, akaingia ndani. Nami nikakaa pale na beseni langu, nikimkasirikia yeye, na Riziki, na muuza duka aliyeniuzia dawa, kila mtu isipokuwa aliyestahili. Ushupavu wangu ulipokuja kuteremka, nikaagiza ndimu, jua lilikuwa limeshazama, na ndimu bila jua ni achari tu. Ijumaa asubuhi nikaamka nikakuta wingu limetanda Utange yote, na wanawake walikuwa wanakuja saa tatu.

Sasa sikilizeni ujinga wa pili. Niliwasikia wanaimba kutoka kona ya duka, sauti ya mwenyekiti wetu Mama Mutua ikiwa juu ya zote (ni Mkamba kutoka bara, ana kifua cha kuimbia), na mimi nimesimama chumbani na gauni lenye mabaka mkononi. Nikalisukuma chini ya kitanda. Nikafungua sanduku langu, nikatoa gauni langu mimi, nikalikunja vizuri, nikaliweka juu ya sinia, nikalifunika leso, nikatoka nje nikiwa nimelibeba kichwani na uso wa huzuni. Nilijiambia yote ni magauni meupe, mshonaji ni mmoja, maiti hapimwi. Kwamba mimi ni mnene na Sidi alikuwa mwembamba, nililifikiria na nikalifukuza. Kwamba langu halina msalaba wa uzi, hilo wala sikulikumbuka.

Tukaimba njia nzima. Mochari, uani, wanawake kama kumi na watano tumezunguka duara, Mama Mutua akaomba, kisha Riziki akainua leso ili amkabidhi gauni yule mama wa kazi ya kuvisha. Akalitazama. Hakulikunjua hata.

"Hili si la mama," akasema. "Hili ni lako, mama mdogo."

"Langu vipi?" nikasema.

"Nalijua kwa rangi."

Hakusema kwa ubaya, na ndipo paliponiuma. Alisema kama mtu anayetaja jambo ambalo wote tunalijua. Nikawatazama wenzangu mmoja mmoja, kila niliyemtazama anaangalia viatu vyake, na hapo ndipo nilipojua kwamba miaka yote ile, katika mistari yetu ya kanisani, mimi nilikuwa nasimama katikati ya weupe na rangi yangu ya maji ya kuoshea mchele, na wote wanaona, na wote wamekubaliana kuninyamazia kwa ajili ya marehemu mume wangu na hasira zangu.

"Haki, tulikuwa tunataka kukuambia," akasema Mama Mutua. "Lakini wewe ukiguswa hapo kwa maji unafura, hata salamu unanyima mtu."

"La mama liko wapi?" akauliza Riziki.

Nikasema bado bichi. Akauliza, tangu jana? Nikasema kulikuwa na wingu. Akaniangalia tu, na wale wengine wakaniangalia, na yule mama wa kazi, ambaye hatujuani hata kidogo, naye akaniangalia, glavu mkononi, ana maiti wengine wa kuvisha. Nikasema naenda kulileta. Nikapanda pikipiki mpaka Utange, nikalitoa chini ya kitanda, nikarudi nalo kwenye mfuko wa plastiki. Hakuna aliyeimba tena.

Riziki alilikunjua, akalishika mabegani kama unavyompimia mtu aliye mbele yako. Mtu mmoja nyuma yangu alisema, "Yesu wangu." Mama Mutua akasema atakwenda nyumbani kwake, atatoa gauni lake, liko safi, limepigwa pasi. Riziki akatikisa kichwa. Akapapasa kifuani mpaka akaupata ule msalaba chini ya kutu, akasema, "Atavaa lake."

Na mimi, ambaye ningefaa kupiga magoti, nikasema, "Litafunikwa na maua."

Sikulala vizuri siku ile, lakini niliamka na matumaini kidogo. Jumamosi maiti akaletwa nyumbani kwake, jeneza likawekwa chini ya hema, likafunuliwa watu wapite kutoa heshima za mwisho, na kweli, tulimfunika leso mpya kutoka kiunoni mpaka kidevuni, tukapanga maua juu yake. Akawa anaonekana uso na kilemba tu. Mimi nilisimama upande wa kichwani, kila mtu akipita nahesabu, huyu kapita, huyu kapita, nikimwomba Mungu mstari uishe.

Akaja Kazungu. Huyu ni kakake Sidi, mkulima wa huko Kaloleni, mtu wa maneno machache, alikuwa hajamwona dadake tangu augue. Akasema anataka kumwona dadake mavazi yake ya kanisa, kwa sababu Sidi aliwahi kumwandikia habari za gauni hilo. Kabla sijanyoosha mkono kumzuia, akaisogeza leso.

"Hii ni nini?"

Watu wa nyuma wakasongea mbele.

"Hii ni damu!" Sauti yake ilipasuka. "Mliniambia presha! Presha inatoa damu kifuani? Hebu zimeni hizo nyimbo! Dada yangu hazikwi hapa mpaka niambiwe alikufa vipi!"

Kwaya ikakatika katikati ya ubeti. Mchungaji akaja kumshika bega, akautupa mkono. Akageuka akamtafuta Riziki kwa macho, akamnyooshea kidole mbele ya hema zima. "Wewe ndiwe uliyekaa naye. Wewe ndiwe uliyempikia, uliyempa dawa. Na nyumba hii inabaki ya nani? Sema, mamako kafanywa nini?"

Na sasa nitawaambia jambo ambalo hata wale wanaoisimulia hadithi hii huko mitaani hawalijui, kwa sababu nalijua mimi na Mungu wangu. Nilinyamaza. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa yule mtoto, nasikia minong'ono inaanza, vijana wawili wa upande wa wajomba wanasogea karibu naye, na mimi, mama yake mdogo, nilikuwa nafikiria nani atajua kama sitasema. Riziki alinitazama. Angeweza kunitaja, neno moja tu lilimtosha, wala hakunitaja.

Ule utazamaji wake ndio ulionisukuma. Nikachukua maiki mkononi mwa mchungaji (sikuomba, nilipokonya), ikapiga mluzi masikio ya watu wote, nikasema, "Si damu. Ni kutu."

"Kutu ya nini?" akauliza Kazungu. "Dada yangu ni bati?"

Kuna aliyecheka. Mpaka leo simjui ni nani.

"Ni maji," nikasema, na spika zinalirudisha neno langu mpaka barabarani, mpaka kwangu, mpaka kwenye kisima chenyewe. "Ni maji ya kisima changu. Riziki aliniletea maji matamu ya kumfulia mamake, nikayakataa. Nilifua kwa maji yangu, kisha nikatia dawa ya kung'arisha, likashika kutu. Nikaambiwa nitie ndimu, nikakataa. Nikataka kumvisha gauni langu mimi nifiche. Huyu mtoto hana kosa. Kosa ni langu."

Mngefikiri hapo yameisha. Kazungu akanitazama, mwanamke mnene asiyemjua, akasema, "Maji hayageuzi nguo hivi. Mnamfichia. Nionyeshwe."

Basi nikaonyesha. Mama Zuhura alikimbia kwangu akaleta ndoo ya maji ya kisima na ile dawa iliyobaki kwenye chupa, na Riziki mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, akaingia jikoni akatoa bakuli la maji ya mfereji. Vikawekwa juu ya meza ya mchungaji, pembeni ya Biblia. Kazungu akatoa kitambaa chake cheupe cha mfukoni, akakichana vipande viwili, akazamisha kimoja kwenye bakuli na kimoja kwenye ndoo. Waombolezaji wote wameinuka vitini, watoto wamepanda migongoni mwa watu, Sidi amelala pale wazi, na mimi nimeshika chupa kama mganga wa gulioni.

Nikamimina kwenye bakuli la mfereji. Maji yakabaki maji.

Nikamimina kwenye ndoo yangu, na kwa muda kidogo hayakufanya kitu. Yalikaa pale yakang'aa, masafi, yale yale ambayo mume wangu alishuka kuyatafuta na patasi. Na mimi niliyeyatetea miaka yote, niliyegombana na wapangaji, na wageni, na mtoto mfiwa mlangoni kwangu, nikajikuta naomba kimoyomoyo, haribikeni, tafadhali, haribikeni mbele ya watu hawa, msimwache mtoto wa Sidi abebe jina la muuaji. Nililia nikiomba hivyo. Yakaanza chini, manjano kidogo, halafu yakapanda, yakawa rangi ya chai, na kile kitambaa kikatoka na baka.

Kazungu alikishika kile kipande, akaenda kwenye jeneza akakilinganisha na kifua cha dadake. Kisha akamfuata Riziki, akamwambia, "Nisamehe, mwana wa dada yangu," akairudisha leso mahali pake kwa mikono yake miwili, taratibu, kama anayemfunika aliyelala. Mchungaji akasema tuendelee.

Akazikwa. Nilisikia udongo unaanguka juu ya mbao na nilichokuwa nafikiria ni kwamba nguo yoyote duniani ukiiharibu utaifua tena, utaipaka ndimu, utaingoja jua, lakini lile gauni limeshakwenda, limekwenda na kutu yangu, na alichoniomba Sidi kilikuwa kimoja tu.

Maneno yalifuata, lazima yafuate. Nikipita dukani kuna wanaouliza kama nauza dawa ya kupaka rangi nguo. Mpangaji mmoja alihama. Waliobaki sasa wanaingiza mitungi yao kwa mlango wa mbele, mchana, na mimi nawashikia lango. Maji ya kisima ni ya choo na ya kumwagilia migomba, basi, na simlaumu tena mume wangu wala simtetei. Yeye alichimba ili mkewe apumzike, hayo mengine nimeyaongeza mimi. Watu walikuwa wakiniambia ukweli kwa upole nikauita matusi, mpaka ukaja kusemwa kwa spika juu ya maiti. Kama kuna funzo ni hilo, na nimelinunua kwa kitu kisichokuwa changu.

Kwa Riziki nilikwenda baada ya matanga kuanuliwa. Nilipiga magoti. Aliniinua, akaniambia, "Yameshapita," akanipa kiti, akanipikia chai nzuri, na hatukuwa na la kuzungumza. Natumaini ipo siku tutakuwa nalo.

Katika umoja nimebaki, hawakunifukuza. Mwezi uliopita mwenzetu mwingine alifariki, binti zake wakataka nifue mimi kwa kuwa tulikuwa tukiketi benchi moja, nikawaambia hapana, wanangu, mtafuteni mwingine, mkono wangu hautagusa gauni la mtu anayekwenda kuzikwa maadamu ningali hai. Na langu mwenyewe liko sandukuni. Mama Mutua amejitolea kulichukua alifue kwa maji matamu, anasema likilowekwa siku mbili tatu litarudi jeupe, nikamkatalia. Kadzo mwanangu nimeshamwagiza: siku yangu ikifika, nivisheni hilo hilo, na rangi yake hiyo hiyo, asilifue mtu.